Chuma cha Kilo 20 Tumekibeba Tangu Utotoni

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: kwa nini wanawake wengi wakiingia jimu huishia kwenye mashine za kukimbilia, na vyuma wakawaachia wanaume? Majibu mliyochapisha karibu yote yaliimba wimbo mmoja, kwamba mwanamke hajiamini, basi ajiamini. Mimi ni mpaka hina hapa Malindi, na kwa miaka kadhaa sasa nainua vyuma jioni nikishamaliza wateja. Jibu hilo silikubali. Kumwambia mtu ajiamini mbele ya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha ni kumwonea.

Siku maji yakikatika, pita mitaa ya Barani au Muyeye penye foleni ya majerikeni. Jerikeni la lita 20 likijaa lina kilo 20 na ushei ukilihesabu na lenyewe. Mtazame msichana anavyojitwika. Anachuchumaa karibu nalo kabisa, halivuti kwa mbali. Anakaza tumbo, analipandisha mpaka pajani, anapumzika kidogo hapo, halafu kwa mkupuo mmoja linafika kifuani, na kutoka kifuani linakwenda juu ya kata. Mgongo umenyooka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa kunyanyua vizito angemwona angemwita pembeni amuulize amefundishwa wapi. Na lile chuma refu la jimuni, likiwa tupu bila kuongezwa kitu, la kawaida lina uzito wa kilo 20. Kwa hiyo wengi wetu tumeshaubeba uzito ule kabla hatujalipa hata shilingi ya kuingilia.

Kinachomkwaza ni kingine. Bombani anajua ashike wapi, anajua nani wa kumwambia "nitwike", na akifika nyumbani anajua nani wa kumwambia "nitue". Akiingia jimu hajui hata moja kati ya hayo, na kila anapogeuka kuna kioo. Mashine ya kukimbilia haimhitaji mwalimu: unapanda, unabonyeza, unatembea. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekwenda huko. Mimi mwenyewe nilikaa huko hadi nikawajua watangazaji wote wa televisheni iliyotundikwa mbele yake.

Aliyenitoa ni mama mmoja mwuguzi. Hakunihubiria. Alinipa mpini wa ufagio.

Nieleze hapa, maana hili ndilo ambalo wasomaji wenzangu waliruka. Mpini unauweka mgongoni wima, mkono mmoja umeushika nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yakikunjwa kidogo tu, kama unavyousukuma mlango wa jikoni mikono yote ikiwa imebeba sinia la pilau. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo, mgongo umepinda. Simama, anza tena. Ni zoezi la dakika chache, halina uzito wowote, na ukishalielewa umeelewa nusu ya kazi ya kuinua chuma kutoka sakafuni. Ukija kushika dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, za kilo 5, mwili unajua uelekee wapi. Mwenzako akikuangalia, na akuangalie.

La pili alilonifundisha ni kutua, na hili naliweka mbele kuliko kuinua. Hofu kubwa niliyokuwa nayo, na ninayoiona kwa kila anayeanza, ni ya kulala benchini ukisukuma chuma juu, kisha kikukalie kifuani huku vijana wanakimbilia kukuokoa. Hofu hiyo ina dawa, nayo ni kujua njia ya kutoka. Kama uko peke yako, usivifunge vibanio vya mwisho vinavyozuia vyuma vya pembeni visichomoke, ili ukishindwa uinamishe upande mmoja vyuma vidondoke, kisha upande wa pili. Au ukiweza, kiviringishe polepole hadi kiunoni uketi. Bora zaidi, omba mtu asimame nyuma ya kichwa chako, na umwambie mapema unataka kuinua mara ngapi, asije akakinyakua mara ya tatu wakati wewe umepanga nane. Kwa zoezi la kuchuchumaa na uzito, anza na dambeli moja uliyoikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ikikushinda unaiweka chini, basi. Mtu aliyeshindwa kuinua mara moja mbili na akatoka salama hana tena cha kumtisha. Ningekuwa na jimu, somo la kwanza la kila mwanamke lingekuwa hilo.

Halafu kuna suala ambalo linawahusu wenye majimu na si sisi. Jimu nyingi za mitaani huku zina chuma kirefu kimoja au viwili, dambeli chache, na mara nyingine makopo ya rangi yaliyojazwa saruji yakaunganishwa kwa bomba. Sina neno na makopo. Saruji nayo ni uzito. Vilivyo vya chuma vimeliwa na hewa ya bahari, ukimaliza viganja vina rangi ya kutu, nami kwa kazi yangu rangi mikononi nimezoea. Neno langu liko kwenye ngazi. Kutoka dambeli ya kilo 5 unaruka hadi ya kilo 10, na hakuna kitu katikati. Kwa kijana wa kilo 80 huo ni mruko mdogo. Kwangu mimi ni kuambiwa nifanye mara mbili ya jana. Mwili unajenga nguvu kwa kuongezewa kidogo kidogo, na vile vyuma vidogo vya kilo 1.25, ukitia kimoja kila upande, vinakupa ngazi ya kilo 2 na nusu. Sijaona jimu ya mtaani inayovithamini; vikipotea hakuna anayevitafuta. Sisi tulijipanga wenyewe: mfuko imara wa mgongoni, na pakiti za unga za kilo 2. Wiki hii pakiti tatu, ukiona sasa ni nyepesi, pakiti nne. Unga haupotei, unarudi jikoni.

Kwenye mashindano makubwa, wanawake wana chuma chao: kilo 15, unene wa milimita 25, wakati cha wanaume ni kilo 20 na milimita 28. Milimita tatu zinaonekana si kitu mpaka uwe na kiganja kidogo na jasho la mwezi wa pili chini ya paa la mabati. Ninapoambiwa kwamba vyuma vimetengenezwa kwa ajili ya wanaume, nakubali, lakini nakubali kwa maana hiyo ya kupimika, kwamba hicho kilichopo kimekatwa kwa kiganja chao. Si ajabu. Katika Olimpiki ya kisasa ya kwanza, Athens 1896, wanaume walinyanyua vizito. Wanawake walisubiri mashindano yao ya dunia hadi 1987, na Olimpiki hadi Sydney 2000.

Msomaji mmoja kati ya waliojibu aliandika kwamba tatizo la wanawake wa Pwani ni mavazi na dini. Namheshimu, ila hilo tumeshalimaliza. Shirikisho la kimataifa la kunyanyua vizito lilikuwa na sheria ya mavazi inayoacha viwiko na magoti wazi, kwa sababu waamuzi lazima waone kama vimenyooka. Kulsoom Abdullah, Mwislamu wa Marekani, akaomba ruhusa ya kujisitiri, na mwaka 2011 ikaruhusiwa nguo ya kubana ya mwili mzima chini ya vazi la mashindano: waamuzi wanaona kiungo, ngozi imefunikwa. Miaka mitano baadaye, Rio 2016, Sara Ahmed wa Misri akachukua shaba akiwa na umri wa miaka 18, kichwa kimefunikwa, na Paris 2024 akarudi kuchukua fedha. Hapa Malindi hatuhitaji hata hayo makubwa. Suruali pana, shati refu, mtandio wa pamba uliobanwa vizuri. Dera liacheni nyumbani. Si kwa sababu ya mtu kuangalia. Linanasa kwenye chuma, na mwalimu haoni goti lako linaelekea wapi.

Saa za wanawake ni jambo jingine. Wenye jimu wanapenda kututengea saa nne asubuhi hadi saa sita, kisha wanalalamika hatuji. Saa hizo mwenye ajira yuko kazini na asiye na ajira ana chungu motoni. Jimu moja niliyokuwa nikienda ilitupa jioni mara mbili kwa wiki, tukajaa, kisha jioni hizo zikarudishwa kwa wanaume bila kuelezwa kwa nini. Tulihama. Kwa mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, maana baada ya tarawehe ndipo mwili una maji na chakula, na ndipo milango inafungwa.

Wanaume wenyewe, wengi hawana neno. Kuna aina moja tu inayonichosha, yule anayekuja bila kuitwa, anachukua dambeli mkononi mwako na kusema, "Lete nikuonyeshe, dada." Tumekubaliana na mashoga zangu jibu ni moja na linasemwa kwa tabasamu: "Ahsante kaka, nina seti mbili zimebaki." Halafu unaendelea. Usieleze zaidi, ukieleza umempa kiti. Na haki isemwe, kijana aliyenifundisha kusukuma chuma benchini alikuwa na adabu kuliko wengi. Aliuliza kwanza kama nataka kuelekezwa, akasimama mbali, akazungumza na chuma si na mwili wangu.

Sasa niseme la hina, kwa sababu kazini kwangu ndiko ninakolisikia zaidi swali la misuli. Bibi harusi mtarajiwa alinijia akiwa na sugu nne kila kiganja, chini ya vidole, pale chuma kinapokaa. Mama yake akaniambia nipake piko, ile rangi nyeusi, nzito pale pazibwe. Binti akatoa mkono, akasema, "Nipake maua, na hizo ziache kama zilivyo." Wakabishana hadi chai ikapoa. Mimi nilipaka maua yakazizunguka sugu, kila mmoja akaridhika na alichokiona. Hoja ya mama ilikuwa kwamba mtoto atakuwa na mabega kama mpagazi wa bandarini. Nikamwambia ninachokijua: homoni inayojenga misuli mikubwa, wanaume wazima wanayo zaidi ya mara 10 ya tuliyonayo, na hata wao, waulize vijana wa jimuni wamekula mayai mangapi kwa ajili ya inchi moja. Binti anayeinua mara mbili tatu kwa wiki atakaza mikono na atapanda ngazi bila kuhema. Mabega ya mpagazi hayaji kwa bahati mbaya.

Huyo mama ndiye nilitaka hasa kumwandikia barua hii, zaidi ya bintiye. Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke huanza kupoteza uimara kwa kasi kuliko awali, na kuibebesha mzigo unaoongezwa kwa mpango ni mojawapo ya njia za kuisaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau mara 2 kwa wiki, mbali na kutembea na kukimbia. Kutwika maji peke yake hakutoshi, kwa sababu jerikeni ni lile lile mwaka hadi mwaka na shingo ndiyo inayolipia. Mwenye presha amwone daktari kwanza, na aliyejifungua karibuni amuulize mkunga wake.

Aliniuliza, kwa sauti ya kutotaka bintiye asikie, mtu wa umri wake mwenye goti bovu anaanzia wapi. Nikamwambia ampitie daktari kuhusu hilo goti, na akikubaliwa aanze na kiti. Aketi, asimame bila kujishika, mara nane, apumzike, arudie. Wiki ikienda vizuri ashike pakiti ya unga kifuani. Kiti kiwe cha mbao na kimeegemea ukuta, maana hivi vya plastiki vya harusini vinateleza.

Mpaka hina, Malindi