Fundi, mkono wa breki unazama

SWALI: Shikamoo fundi. Paipu ya breki ya mbele ya pikipiki yangu ilianza kuchanika, nikafunga mpya. Tangu hapo nimetoa upepo mara tatu hadi chupa ya mafuta ya breki ikaisha, lakini mkono bado laini. Nikiuminya haraka haraka mara mbili tatu unakaza. Nikiuacha dakika chache unazama tena mpaka karibu na usukani. Sioni panapovuja. Ninunue masta silinda mpya?

JIBU: Marahaba. Masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye mkono, iache dukani kwanza.

Mkono unaokaza ukipampu na kulegea ukiuacha, tena mara tu baada ya kufungua paipu, kwa kawaida una upepo ndani. Masta silinda iliyokufa sili, yaani mpira wa ndani unaozuia mafuta yasirudi, ina tabia nyingine: unaminya, unashikilia kwa nguvu ileile, na mkono unateleza taratibu chini ya vidole vyako. Na kama ungeniambia ulikuwa mgumu asubuhi ukalegea baada ya kupita barabara yenye mashimo, ningekwambia utazame diski iliyopinda au beringi za gurudumu, maana hizo husukuma pistoni za kalipa (kile kinachobana diski) zirudi ndani.

Sasa, kwa nini mara tatu hazikutosha? Kwa sababu upepo hupanda, na wewe unaulazimisha ushuke. Mafuta yanayotoka kwenye nati ya kutolea upepo pale kwenye kalipa ni safi, unaridhika, kumbe povu limejibanza juu kabisa, pale bolti yenye tundu inapounganisha paipu na masta silinda. Nilipokuwa najifunza kazi nilihangaika hivyo siku nzima, chupa mbili zikaisha. Mzee aliyenifundisha hakusema neno. Alichukua ukanda wa tyubu, akaufunga mkono wa breki kwenye usukani, akaenda kulala. Niliudhika sana. Asubuhi tulipoufungua, mapovu yalichomoka kwenye kikopo cha mafuta cha masta silinda.

Fanya hivyohivyo. Simamisha pikipiki, geuza usukani mpaka kikopo kiwe sehemu ya juu kuliko zote. Minya mkono, ufunge, gongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu, uache usiku kucha. Mapovu yatapanda yakusanyike karibu na masta silinda, nawe ukiachia mkono yatatokea kikoponi. Baada ya hapo minya kidogo kidogo, sentimita moja tu, ukitazama vipovu. Ukibaki ulaini, zungushia kitambaa ile bolti ya juu, mtu aminye mkono, uilegeze kidogo na kuikaza kabla hajaachia. Pete zake za shaba (washa) ziwe mpya. Za zamani ndizo huanza kulia machozi wiki ya pili.

Kuhusu mafuta, fuata maandishi ya kifuniko cha kikopo. Mara nyingi ni daraja la DOT 4, na DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo hata kwa dharura (DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inakubaliana nayo). Nunua chupa ndogo iliyofungwa. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na ikishanyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ikidondokea tangi, mwaga maji papo hapo. Rangi itababuka, nimeshawahi kumlipa mteja.

Usiiendeshe pikipiki hiyo mpaka mkono ukaze kwa mminyo wa kwanza, si wa tatu. Halafu asubuhi, kabla hujafungua ule ukanda, tazama: mkono umebaki pale ulipoufunga, au umezama hadi kugusa usukani? Ukikuta umezama na bado hapavuji popote, hapo nitakubaliana nawe kuhusu masta silinda, ingawa nitaanza na sili zake tu.