Sabuni za uso na skrabu za bei nafuu: majibu kwa maswali yenu

Tangu nilipoeleza kwamba nimekuwa nikijaribu sabuni za uso na skrabu (krimu zenye chembe za kusugulia ngozi) za bei nafuu, moja baada ya nyingine, maswali yameendelea kunifikia, na mengi yanatoka kwa watu ambao tayari wameumizwa na kitu walichokinunua kwa matumaini. Mimi si daktari wa ngozi. Ninayoyaandika yanatokana na kusoma kwa makini na kujaribu kwenye uso wangu mwenyewe, na palipo na kazi ya daktari nitasema hivyo waziwazi.

Je, sabuni ya uso ya bei ya chini inaweza kweli kufanya kazi sawa na ile inayouzwa kwa bei mara tano yake?

Inaweza, na utaielewa sababu yake ukifikiria muda ambao sabuni hukaa usoni. Unaipaka, unaizungusha kwa nusu dakika au dakika moja, kisha unaisuuza. Vitamini, dondoo za maua na mafuta adimu yaliyotangazwa kwa herufi kubwa kwenye chupa huondoka na povu kabla hayajapata nafasi ya kufanya lolote la maana. Kazi ya sabuni ya uso ni kushika mafuta, jasho, vumbi na mabaki ya vipodozi ili maji yayabebe, bila kuchukua pia mafuta ambayo ngozi inayahitaji, na viambato vinavyoifanya kazi hiyo vizuri si vya gharama kubwa. Kama una fedha ya ziada, iweke kwenye kile kinachobaki usoni mchana kutwa, hasa krimu ya kukinga jua.

Badala ya bei, soma orodha ya viambato iliyo nyuma ya chupa. Katika nchi nyingi sheria inataka viambato vipangwe kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Ukiiona gliserini ikiwa miongoni mwa majina manne au matano ya mwanzo, hiyo ni dalili njema, kwa kuwa husaidia ngozi kushika maji. Ukiliona jina la ua lililochorwa kwenye lebo likiwa mwishoni kabisa, baada ya manukato na vihifadhi, fahamu kwamba huenda ua lenyewe limo kwa kiasi kidogo mno. Mwenye ngozi kavu awe mwangalifu na sabuni ambayo sodiamu laurili salfeti, inayofupishwa SLS, inafuata mara tu baada ya maji, kwa sababu ni msafishaji mkali. Kokamidopropili betaini na jamii ya glukosaidi kwa kawaida ni wapole zaidi, na zote hupatikana katika sabuni za bei nafuu.

Ninanawa uso kwa sabuni ya kipande ninayoogea. Nikimaliza uso unabana, na nikipitisha kidole shavuni kinakwama. Nilifundishwa kwamba huo ndio usafi. Ni kweli?

Si kweli, na ninatamani kila mtu aliyefundishwa hivyo aambiwe. Uso unaobana ni uso ulionyang'anywa mafuta yake. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, yaani kipimo chake cha pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, ni kati ya 4.5 na 5.5 hivi, ilhali sabuni halisi ya kipande, iliyotengenezwa kwa mafuta na magadi makali, huwa na pH ya karibu 9 hadi 10. Tofauti hiyo huvuruga tabaka la juu linalozuia maji yasitoke ndani ya ngozi, na tabaka hilo likivurugwa kila asubuhi na kila jioni, hutokea ukavu, muwasho, na kwa baadhi ya watu uso unaong'aa kwa mafuta huku ukibanduka pembeni mwa pua. Vipo vipande vinavyofanana na sabuni kwa umbo lakini vimetengenezwa kwa visafishaji vingine vyenye pH iliyo karibu na ya ngozi. Hivyo havina ubaya, na mara nyingi hudumu kuliko chupa.

Kipimo ninachokiamini hakihitaji kifaa chochote. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, usipake kitu, kisha usubiri nusu saa. Tabasamu kwa upana na uinue nyusi. Ukihisi ngozi inavutwa, sabuni hiyo ni kali kwako, hata kama chupa imeandikwa kwamba ni ya upole.

Nawezaje kujaribu bidhaa mpya bila kuuharibu uso wangu?

Anza mbali na uso. Madaktari wa ngozi hushauri upake bidhaa mahali padogo, penye upana wa sarafu, upande wa ndani wa mkono au kwenye kunjo la kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kwa kuwa sabuni ni kitu cha kusuuzwa, iache mahali hapo kwa muda uleule ambao ungeiacha usoni, kisha uioshe. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, umeokoa uso wako.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linahitaji subira: jaribu kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Msomaji mmoja alinieleza kwamba alianza sabuni, skrabu, tona (maji ya kupaka baada ya kunawa) na krimu siku moja, na siku ya nne uso ukamwaka moto. Hakuna anayeweza kumwambia ni kipi kati ya vinne hivyo kilichomdhuru, na sasa hana budi kuviacha vyote. Seli za ngozi ya kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, na kadiri umri unavyosogea muda huo hurefuka. Kwa hiyo madhara utayaona ndani ya siku chache, lakini faida usiihukumu kabla ya wiki nne. Mimi huandika tarehe ya kuanza kwa kalamu kwenye kitako cha chupa, maana kumbukumbu hudanganya. Na ununue chupa ndogo kwanza, hata kama kubwa inaonekana kuwa na nafuu zaidi.

Skrabu zipo nyingi sana. Nichague yenye chembe za namna gani, na nisugue mara ngapi?

Swali hili lilinifanya nikae mezani mchana mzima. Nilichukua skrabu tatu za bei nafuu, nikaweka tone la kila moja kwenye kichujio cha kitambaa, nikasuuza krimu yote hadi zikabaki chembe peke yake, kisha nikazihamishia kwenye sahani nyeusi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Ya kwanza ilikuwa na maganda ya jozi yaliyosagwa, na kila chembe ilikuwa na kona na ncha kama kokoto iliyopasuliwa kwa nyundo. Hazikulingana ukubwa, na nilipozisugua nyuma ya kiganja ziliacha michirizi ambayo niliendelea kuiona kwa karibu saa nzima. Ya pili ilikuwa na vipunje vya nta ya mmea uitwao jojoba, vya mviringo, ambavyo vilibonyea kidogo chini ya kidole. Ya tatu ilikuwa ya sukari laini, na kwenye kichujio haikubaki kitu, kwa sababu sukari yote ilikuwa imeyeyuka, na usoni pia huyeyuka hivyohivyo kabla mtu hajapata nafasi ya kusugua kupita kiasi. Kwa uso, mimi nachagua chembe za mviringo au zinazoyeyuka. Maganda na kokwa zilizosagwa naziacha kwa ajili ya visigino na viwiko.

Mara moja kwa wiki inawatosha watu wengi. Mara mbili kwa mwenye ngozi ya mafuta isiyo na shida. Tumia ncha za vidole, kwa uzito ule ambao ungetumia kumpapasa mtoto mchanga shavuni, na usizidishe nusu dakika. Siku ya skrabu usitumie pia bidhaa yenye asidi ya kuondoa seli zilizokufa, kama ile ya salisiliki, na usiiguse kabisa ngozi yenye kidonda, iliyoungua kwa jua au yenye pumu ya ngozi. Wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuwa wapole: mahali tunapojijeruhi, hata kwa mikwaruzo ambayo macho hayaioni, hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Nimeona watu wakilisugua doa hilo kwa skrabu ileile iliyolileta, na inaniuma kila ninapoliona.

Ukikuta polietilini kwenye orodha ya viambato vya skrabu, hizo ni chembe za plastiki ambazo hupita kwenye mabomba hadi mitoni na baharini. Marekani ilipitisha sheria dhidi yake mwaka 2015, na Uingereza ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 2018. Iache dukani.

Kwa nini ninunue, ikiwa ndimu, magadi soda na sukari ninavyo jikoni?

Sukari laini iliyochanganywa na mafuta kidogo sina ugomvi nayo, ingawa hata hiyo naipendekeza zaidi kwa midomo na mikono kuliko mashavu. Hivyo viwili vingine naomba uviweke mbali na uso. Maji ya ndimu na limau yana pH ya karibu 2, yaani tindikali kali mno kwa ngozi, na zaidi ya hapo ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza hadi kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi. Magadi soda yana kasoro ya upande wa pili, kwani pH yake ni zaidi ya 8. Wapo wanaodhani kwamba wakivichanganya vitasawazishana, lakini hakuna anayepima kiasi kwa usahihi jikoni, na ngozi ndiyo inayolipa.

Nina chunusi nyingi na vichunusi vyeusi puani. Je, nisugue zaidi ili uchafu utoke?

Hapana, sugua kidogo zaidi, na kwa sasa weka skrabu kando kabisa. Ule weusi hausababishwi na uchafu: ni mafuta na seli zilizokufa zilizoziba kitundu cha kinyweleo, na sehemu ya juu hugeuka rangi inapokutana na hewa. Kusugua chunusi zilizovimba hueneza uvimbe na huongeza madoa. Kinachosaidia ni sabuni yenye asidi ya salisiliki kati ya asilimia 0.5 na 2, kwa sababu asidi hiyo huyeyuka katika mafuta na hivyo huingia kwenye kitundu kilichoziba. Kwa chunusi nyekundu zenye usaha, benzoili peroksaidi huua bakteria. Anza na asilimia 2.5, na utumie taulo jeupe, maana inachujua rangi ya kitambaa. Ipe wiki 6 hadi 8. Ikiwa chunusi ni kubwa, zina maumivu na ziko chini ya ngozi, au zinaacha mashimo, usiendelee kujaribu chupa. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Chupa yangu imeandikwa kwamba haisababishi mzio, lakini imenitoa vipele. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa. Nchini Marekani, kwa mfano, hakuna kiwango cha kisheria ambacho kampuni inalazimika kukifikia kabla ya kuandika maneno hayo. Angalia kama kuna manukato kwenye orodha, na ufahamu kwamba bidhaa isiyonukia inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine.

Nimeona sabuni ya uso ya bei nafuu sana inayoahidi kunifanya mweupe ndani ya wiki moja. Niijaribu?

Usiijaribu, nakuomba. Baadhi ya sabuni na krimu za aina hiyo huwa na zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi lakini huharibu figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kuwafikia hata watoto wa nyumbani kupitia mikono na mataulo. Chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, nchi zilikubaliana kuondoa vipodozi vyenye zebaki, lakini bado vinauzwa, na mara nyingi lebo haiitaji zebaki kwa jina. Ishara moja ya kuogofya ni maelekezo yanayokuonya usiache bidhaa iguse dhahabu, fedha au alumini, kwa kuwa zebaki hushambulia metali hizo. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji uiogope vivyo hivyo. Kama umekwisha kuitumia, acha leo, nawa mikono, na umweleze daktari bila aibu, ukiwa na kopo lenyewe ndani ya mfuko uliofungwa.

Binti yangu ana miaka 11 na anataka kutumia skrabu yangu. Nimruhusu?

Skrabu hapana, na asidi pia hapana, isipokuwa daktari aseme. Ngozi yake haina tatizo ambalo skrabu inalitatua. Mpe sabuni ya uso ya upole isiyo na manukato, aitumie jioni na baada ya michezo, na umfundishe kuisuuza vizuri kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, mahali ambapo povu husahaulika na vipele vidogo huanzia.