Mzee anatafuna kwa shida: usihesabu meno, hesabu jozi

Mkuu, umeuliza kama mama yako wa miaka 74 kutafuna nyama mpaka anaitema makapi ni uzee tu, maana meno "bado anayo mengi".

Umri peke yake hauharibu sana. Misuli ya taya hupungua kweli na nguvu ya kuuma hushuka, lakini mzee mwenye meno kamili hufidia kwa kutafuna mara nyingi zaidi kabla ya kumeza. Anachelewa kumaliza sahani, basi. Msimharakishe.

Anayetema makapi ana jambo jingine, na mara nyingi liko kwenye magego. Mwambie aume meno, vuta shavu kwa kidole, mulika na tochi ya simu. Gego la juu linagusana na la chini? Mtu anaweza kuwa na meno 18, ila magego ya juu yamebaki kulia na ya chini kushoto. Huyo hana kinu. Wajapani wana kampeni yao ya tangu 1989, ufike miaka 80 ukiwa na meno 20. Lengo zuri, lakini 20 yasiyokutana hayasagi kitu.

Kama hana meno bandia na hapaliwi, mpe bigijii mbili za rangi tofauti, atafune pamoja mara 20 kisha ateme. Ibane ndani ya mfuko mwangavu mpaka iwe bapa, utazame pande zote mbili. Rangi zikichanganyika, anasaga vizuri. Ukiona michirizi au mabaka, hasagi.

Halafu mate. Wengi husingizia uzee wakati kinachokausha mdomo ni dawa: baadhi ya za presha, hasa zile za kukojoza, za mzio, za sonona. Dalili ni biskuti kavu kutoshuka bila maji. Usimkatishe dawa; beba orodha yote umwoneshe daktari.

Akiwekewa meno bandia kamili, msitegemee nguvu za zamani. Hubakiza takriban robo ya nguvu ya kuuma, au pungufu. Ya chini ndiyo yanasumbua zaidi: hayana kaakaa la kunatia, ulimi unayasukuma, na mfupa wa taya la chini huisha haraka kuliko wa juu. Mfupa hupungua zaidi mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, kwa hiyo seti iliyotengenezwa mapema lazima ilegee. Dawa yake ni kurudi kwa daktari wa meno iongezewe tabaka la ndani, siyo kurundika gundi. Mwanzoni ale vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja, na asing'ate kwa meno ya mbele kwa sababu nyuma yatanyanyuka. Usiku ayavue, yalale kwenye maji.

Msikimbilie kumsagia kila kitu. Wazee wengi wanaishia kwenye uji na chai, protini inapotea na misuli inazidi kwisha, ya taya ikiwemo. Kata nyama kukatisha nyuzi, vipande visizidi sentimita 1.5, ipikwe na mchuzi. Bonyeza kipande kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba uwe mweupe: kikipondeka na kisirudi umbo lake, kinafaa.

Akikohoa wakati wa kula, sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, au anapungua uzito, hilo huenda si la meno tu. Apimwe kumeza hospitali. Chakula kikianza ghafla kubaki shavu moja na mdomo umepinda upande, hiyo ni dharura ya kiharusi, mpelekeni saa hiyohiyo.