Jibu: Je, vijana wa Indonesia wanaacha lugha za kwao?

Mkuu, umeuliza kama kijana wa Kijava akienda kusoma Jakarta huwa anaachana na Kijava, lugha ya Wajava wa kisiwa cha Java. Haachani nacho, ila kinabanwa: kinabaki cha simu za nyumbani na utani wa watu wa kwao. Darasani ni Kiindonesia, chenye asili ya Kimalei. Na ni vijana wa enzi hizo waliokitangaza kuwa lugha ya umoja kwenye kiapo chao cha tarehe 28 Oktoba 1928, Mholanzi akiwa bado anatawala. Kijava kilikuwa na wasemaji wengi zaidi, lakini hawakukichagua.

Kinachowasumbua hasa ni adabu. Kijava kina ngazi: rafiki yako akila utasema "mangan", bibi yako akila ni "dhahar", na ukichanganya umemvunjia heshima. Wengi wa mjini wanaimudu ngazi ya chini, ile ya juu inawapiga chenga. Basi mbele ya mkubwa wanakimbilia Kiindonesia, kisicho na mitego hiyo. Kwa maoni yangu, hicho kinakula Kijava kuliko Kiingereza kinavyokila.

Kiingereza kipo, tena vijana wa Jakarta Kusini wanataniwa nchi nzima kwa kukichomekea kila sentensi.

Na wewe unayetaka kujifunza Kiindonesia, usitegemee kitabu peke yake. Kitabu kitakufundisha "tidak" kwa hapana. Kwenye meseji zao utakutana na "nggak", "gak", hata "ga" tupu.