Salma, kuhusu vipande vyako viwili

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Magharibi, leo alfajiri nikaurudia. Umeniuliza kama ukubaliane na msimamizi wako. Kuvumwani mbili (kuvu na mwani walioungana wakawa kitu kimoja) ulizobandua kwenye miti ya Uluguru zina sura moja na vinasaba vimoja, ila moja ukiigusa kwa tone la Jik inakuwa nyekundu na nyingine haibadiliki. Yeye anasema ni spishi moja. Wewe moyo unakataa.

Nitafika huko. Kwanza malele, kuvumwani ya pwani yetu.

Habari za baba yake Bibi Mwanaidi unazo, alivyokuwa akibandua malele kwenye vichaka vya pwani na kuyauza kwa frasila. Karne ya 19 malele ya pwani hii yalikuwa yakikusanywa Unguja na kupakiwa kwenda Ulaya, wakayatoe rangi ya zambarau. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, akaipata zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na rangi za viwandani zikaanza kuyala masoko ya malele. Bibi hakulijua jina la Perkin. Alichojua ni kwamba siku moja mnunuzi aliacha kuja.

Ambalo sijawahi kukueleza lote ni la kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa kemia alichana karatasi ya litmasi, ile ya buluu, akaichovya kwenye maji ya ndimu ikawa nyekundu. Nikanyoosha mkono. Nikasema rangi hiyo bibi yangu anaijua, inatoka kwenye malele, unayaloweka kwenye mkojo uliochacha mpaka maji yawe zambarau. Darasa zima likacheka niliposema mkojo. Mwalimu akanisimamisha mpaka kengele, akasema kemia si hadithi za vibibi. Kipindi kilipokwisha nikamfuata nikamwomba radhi. Kicheko nimeshakisahau, Salma. Radhi ile ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu nilisema kweli.

Chuoni ndipo nikasoma kwamba litmasi hutoka kwenye Roccella, na Roccella montagnei ndiyo malele yetu. Mkojo uliochacha una amonia. Malele yana kemikali iitwayo erithrini. Amonia inaivunja mpaka ipatikane orsinoli, na orsinoli ikikutana na naitrojeni ya amonia ile ile na hewa, siku baada ya siku, inakuwa orseini, na hiyo ndiyo zambarau ya Bibi. Litmasi ni ndugu yake wa damu, mafundi wake wa zamani walikuwa Waholanzi.

Labda namwonea mwalimu yule. Alitoka bara, malele angeyajulia wapi? Lakini kutojua si kosa. Kosa ni kwamba jibu lilikuwa juu ya mti nyuma ya shule naye hakwenda kuliuliza. Kitu kiulizwe chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikwenda na tawi lenye malele darasani. Nilichovya njiti ya kiberiti kwenye Jik nikagusa ule utepe wa kijivu, ukatoka wekundu kama damu ya kidole kilichochomwa na sindano, na kabla sijamwita mtoto wa pili ukawa umefifia. Basi nikagusa utepe baada ya utepe, watoto arobaini, kila mmoja aone wake. Sijapata kufundisha kipindi kitamu kama kile.

Sasa msimamizi wako. Ana hoja, siwezi kuificha. Kwa kanuni za uainishaji jina la kuvumwani ni la kuvu peke yake. Mwani uliomo ndani una jina lake. Kama kuvu ni ile ile, wekundu wa Jik unawezaje kuzaa jina la pili? Hata aliyetuletea uchunguzi huu wa matone, Nylander wa Ufini, mwaka 1866, baadaye alimpinga vikali Schwendener wa Uswisi aliyesema kwamba kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Tone lake lilikuwa sahihi, naye mwenyewe akakosea lililo kubwa zaidi. Kwa hiyo tone nalo lisiabudiwe.

Lakini kuna zile kuvumwani za Marekani ziitwazo Bryoria ulizonitumia habari zake, unazikumbuka? Moja ya kahawia, wenyeji wa kule waliila. Nyingine ya manjano, imejaa asidi ya vulpini, ni sumu. Wakapima kuvu, ikawa moja. Wakapima mwani, ukawa mmoja. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye ganda la nje kuna mwenza wa tatu, kuvu wa aina ya hamira, ingawa si hii ya maandazi, na kwenye ile ya manjano amejaa zaidi. Miaka yote hiyo alikuwemo, hakuna aliyemhesabu. Waliosema ni moja walikuwa na vipimo mkononi, na aliyeokota ya manjano akaila angekula sumu.

Nataka sana kukuambia ni mbili. Nimeliandika neno hilo mara mbili hapa nikalikata. Sijaviona vipande vyako, na sitaki kumfanyia msimamizi wako nilivyofanyiwa mimi, nimkatalie kitu ambacho sijakishika. Ila usimwombe radhi. Umeona wekundu, uandike wekundu, umegusa vipande vingapi, vya mti gani, upande gani wa mlima.

Ukija Desemba uje navyo vyote viwili, uvitie kwenye bahasha za karatasi, si nailoni, vitaota ukungu njiani. Jik ninayo, na kiberiti kipo pale pale juu ya kabati la marehemu baba yako.

Mama yako