Kabla hujavuka Namanga na hiyo Prado, soma hapa

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema mwisho wa Mei unatoka Arusha kwenda kuangalia Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini huko Kenya, ukauliza tairi, hema, chakula na njia ya kupita, halafu katikati ukachomekea kwamba bima haina shida, una bima kubwa na COMESA utakata mpakani. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri.

COMESA, ile kadi ya njano, ni bima ya mtu wa tatu. Ukigonga mtu huko, au ng'ombe wa Msamburu, kadi inashughulika na uliyemtia hasara. Gari lako halimo. Na hiyo bima kubwa unayojivunia, fungua mkataba wenyewe, siyo stika, utafute palipoandikwa inafanya kazi nchi zipi. Nyingi zinaishia Tanzania mpaka uombe kuongezewa nchi na ulipie. Ukitoka hapo shuka kwenye orodha ya wasiyolipa: mashindano, kuendesha nje ya barabara, injini kuingia maji. Kwangu yalikuwepo yote matatu, kwa maandishi ya kusoma na tochi.

Mimi aliyeniingiza mjini ni ajenti wa bima. Kijana mtanashati, kiatu kinang'aa. "Bosi, na hii kadi unatembea mpaka Kongo." Hakudanganya, maana nilitembea kweli. Gari ndilo lilibaki.

Ilikuwa Samburu, nami naenda huko huko Rhino Charge, kabla hata ya kufika kambini. Kuna korongo lilikuwa na maji, Land Cruiser ya mbele ikapita, nami nikaona kama yeye kapita mimi ni nani nisipite. Sikuangalia kwamba yeye ana snokeli, bomba linalovuta hewa kule juu usawa wa paa, na bomba langu la hewa liko chini ya boneti. Katikati injini ikakata. Nikapiga stata. Ikagonga tak, ikanyamaza. Hapo ndipo pesa ilipoondokea, mkuu, kwenye ile stata. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaosukuma pistoni. Injini ikizimia majini usiguse ufunguo, livute litoke, fungua nozeli au plagi maji yatoke kwanza. Mimi nilikuja kuchomoa dipstiki baadaye nikakuta oili imekuwa chai ya maziwa.

Nikampigia yule ajenti. "Bosi, ungeniambia kama unaenda porini." Nilimtumia picha za Rhino Charge kabla sijalipa hata shilingi, magari yamening'inia kwenye majabali, akajibu kwa emoji ya moto! Ya moto! Bado ninayo hiyo meseji, huwa naisoma nikitaka kupandisha presha.

Brekidauni hadi Isiolo. Fundi akafungua, akakuna kichwa, akasema tafuta injini nyingine. Lakini injini ya mtumba ina namba yake, na kwenye kadi ya gari kuna namba nyingine, kwa hiyo forodha utaanza kujieleza. Kuliacha huko nako haiwezekani, liliingia kwa kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho. Likabebwa kwenye lori kilomita zaidi ya 400 hadi Namanga, halafu lori jingine hadi Arusha. Hela iliyoteketea ingenunua bodaboda mbili na chenji ya mafuta.

Kwa hiyo, kampuni yako ya bima ikuandikie barua, iwe na neno Kenya na iwe na neno nje ya barabara. Simu siyo barua. WhatsApp siyo barua. Wakikataa neno la pili, basi gari lisitoke kwenye njia kuu; liache mahali salama, omba lifti kwa wenye magari ya kazi hiyo.

Na usije ukaona washindani ukapata mzuka. Wale wana muda wa masaa 10 kupita vituo 13, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, siyo mwenye mbio, ndiyo maana wanakatiza juu ya mawe badala ya kuzunguka. Gari zimejengwa upya, timu zimechangisha pesa kwa ajili ya Rhino Ark, shirika la uhifadhi, wale wale waliojenga uzio wa msitu wa Aberdare huko Kenya wa kilomita kama 400 uliokamilika 2009. Ya kwako inapeleka watoto shule.

Tairi za A/T, zile za lami na vumbi, zinatosha, ukiingia mchanga punguza upepo. Maji ya kunywa beba yako yote. Hema sijui, mimi nililala ndani ya gari, lilikuwa haliendi popote.

Kesho asubuhi nenda kwa hao watu wa bima, halafu rudi hapa ututupie walichokuandikia.