Nyutro haiazimwi kwenye athi

Vijana mnaoanza kuchomelea tigi (TIG, uchomeleaji wa sindano ya tungsteni na gesi ya argoni), najua hamu yenu. Mashine ya fezi tatu imepatikana, tochi ya kuchomelea inayopozwa kwa maji imepatikana, kipoza maji kimekaa chini ya kigari, na kilichobaki ni kufunga waya. Hapo naomba tutulie, maana ni hapo nilipokaribia kumpoteza mwenzangu.

Tulikuwa karakana moja Vingunguti, Februari, jua la kuunguza. Mdogo wetu alivua glovu zilizolowa jasho, akashika bodi ya kipoza, yaani ganda lake la chuma, ili aongeze maji. Akapiga ukelele mmoja, kisha sauti ikakata. Mkono ulikuwa umenasa. Nilikimbilia swichi kubwa nikaizima, akaanguka kwa makalio, mzima, anatetemeka. Tulipowasha tena bila mtu kugusa na kupima kwa mita, kati ya bodi ile na chuma tulichochomeka ardhini mbali kidogo, ilisoma zaidi ya volti 70.

Tukafungua. Fundi aliyetangulia alikuta kebo ya mashine ina nyaya nne: fezi tatu (zinazoleta umeme) na athi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Pampu ya kipoza inataka volti 230, na nyutro, waya wa kurudishia umeme, haimo. Basi akachukua fezi moja, mguu wa pili wa pampu akaufunga kwenye athi. Pampu ikazunguka vizuri kabisa, na ndicho kinachowadanganya wengi. Umeme wa pampu ulikuwa unarudi kupitia fimbo ya athi iliyochimbiwa nje. Masika udongo umelowa, hakuna anayehisi kitu. Kiangazi mchanga wa Dar unakauka na fimbo inashindwa kupitisha. Pampu ikila ampea 1 na fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 70, volti 70 zinapanda kwenye kila chuma kilichofungwa athi hiyo, hadi friji ya jirani mnayemgawia umeme. Athi ikikatika kabisa, volti zinafika zaidi ya mara tatu ya hapo. Na breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ilikuwepo! Ilikuwa inaanguka kila wakiwasha, wakaona ni mbovu, wakaunganisha waya bila kupitia kwake. Ile breka ilikuwa inasema kweli.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma kwanza kibao cha kipoza. Kikisema 230, kipe kebo yake ya nyaya tatu kutoka kwenye boksi la breka: fezi, nyutro na athi, ipite kwenye breka yake ndogo na breka ya kuvuja ya miliampea 30. Usikifunge kati ya fezi na fezi. Hapo kuna 400 na mota itaungua. Kama mashine ina soketi ya kipoza kwa nyuma, linganisha volti na ampea kabla ya kuchomeka. Kufungua boksi lenyewe mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wewe simama ujifunze.

Rangi za nyaya nazo zimeua watu. Kwenye nyumba za zamani za Kariakoo na Gerezani utakuta mfumo wa zamani: fezi ni nyekundu, njano na bluu, nyutro ni nyeusi. Kwenye mfumo mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na bluu ndiyo nyutro. Yaani bluu ya jana ni fezi, bluu ya leo ni nyutro. Pima kwa mita kila waya, hata kama aliyekuelekeza ni bosi wako.

Ndani ya mashine usitie mkono kwa sababu tu umechomoa plagi. Mashine ya inveta ya volti 400 huhifadhi zaidi ya volti 500 kwenye kapasita zake. Ngoja muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, kisha upime.

Maji ni hadithi fupi. Mpira wa bluu unapeleka, mwekundu unarudisha. Waya wa umeme wa tochi hupita ndani ya mpira wa kurudi, ni mwembamba, na kinachouokoa ni maji tu. Ukichoma bila maji, tochi imekwisha hata pengo halijajaa. Swichi ya mtiririko, inayohisi kama maji yanapita, ifungwe kama kitabu kinavyoonyesha ili pampu ikisimama na moto usiwake. Maji ya kisima yetu haya ya chumvi usiyatie, yanakula shaba na yanapitisha umeme. Tumia kipoozeo cha mtengenezaji, na ukikosa, maji yaliyotoneshwa yale ya betri, si asidi.

Yule kijana bado yuko kazini. Kila asubuhi anawasha kipoza, anapima bodi kwa mita, anafungua kifuniko kuona maji yanarudi kwenye tangi, ndipo anafungua gesi ya argoni.